Mwizi wa kuku: miezi sita jela, au viboko sita arudi kwake leo leo?

#1 Nanga Kavu
Wakuu, habari za jioni.

Kuna jambo linanikera muda mrefu. Kijana kaiba kuku. Kafikishwa mahakamani, kala miezi sita. Huko ndani analala ubavu kwa ubavu na majambazi waliobobea, anatoka amehitimu. Akirudi hana kibarua, mke kaondoka, watoto hawaendi shule. Kwa kuku mmoja! Na muda wote huo aliyeibiwa kuku ndiye anayemlisha mwizi wake kwa kodi.

Sasa hakimu angesema: viboko sita, daktari awepo, leo hii. Saa kumi jioni kijana yuko kwake. Anakaa upande upande, sawa, lakini yuko kwake. Wiki ijayo anarudi kibaruani. Kati ya hao wawili, nani kaonewa zaidi?

Nasema viboko ni huruma kuliko jela. Waliovifuta walikwepa kuonekana washamba tu, hawakupiga hesabu. Nipingeni kwa hoja, machozi wekeni pembeni.

#2 Dada wa Tatu
Siti ya mbele. Nasoma tu.

#3 Bawabu
Naunga mkono. Mimi nilichapwa nyumbani, shuleni na kwa jirani, leo ni mtu mzima mwenye akili zangu.

#4 Mama Wawili
#3 hiyo ya akili tutaithibitisha uzi ukiendelea. Jirani naye alipewa kibali na nani?

#5 Bawabu
Mama Wawili, enzi hizo mtoto alikuwa wa wote. Ukimshtaki jirani kwa baba, unaongezwa nyingine kwa kumsumbua mzee wa watu.

#6 Karani Mstaafu
Mleta uzi, hoja yako inapendeza ila ina tundu. Unazungumza kana kwamba viboko huchukua nafasi ya jela. Sehemu nyingi zilizovitumia haikuwa hivyo, viliwekwa juu ya jela. Tanzania, ikiwa bado Tanganyika, mwaka 1963 ilipitisha sheria ya adhabu za chini kabisa: wizi wa aina fulani, rushwa na makosa kadhaa, unafungwa na unakula viboko 24. Kumi na viwili ukiingia, kumi na viwili ukitoka. Hadi leo Kanuni ya Adhabu ya huko, kwa unyang'anyi wa kutumia silaha, inasema kifungo kisichopungua miaka 30, pamoja na viboko au bila viboko. Hapo mwizi hachagui. Singapore nako mtu mzima huchapwa akiwa tayari ana kifungo chake.

Kwa hiyo yule kijana wako wa saa kumi jioni yupo kichwani mwako tu. Mahakama niliyoijua mimi ingempa vyote viwili.

#7 Kipepeo Mweusi
Subiri, ile ya "akitoka apigwe vingine akamwonyeshe mkewe" ilikuwa sheria kweli?! Miaka yote nilidhani Mwalimu Nyerere alikuwa anachangamsha hotuba.

#8 Karani Mstaafu
Ilikuwa sheria yenye namba. Alikuwa anasimulia jinsi serikali yake ilivyoichukia rushwa.

#9 Jongoo na Mti
Na ndiyo maana nchi ilinyooka. Tangu viboko vifutwe na Mwinyi kila kitu kimeharibika.

#10 Karani Mstaafu
#9 umegeuza kofia nje ndani. Vilifutwa 1972, Nyerere huyo huyo akiwa madarakani. Vilirudishwa 1989, wakati wa Mwinyi. Aliyeviweka ndiye aliyeviondoa miaka tisa baadaye. Ukitaka kuvitetea kwa jina lake, itabidi ueleze kwanza kwa nini alivitoa.

#11 Jongoo na Mti
Nimesahihishwa. Lakini Singapore hamtaigusa. Yule kijana wa Kimarekani alipaka rangi magari ya watu, akala sita, sidhani kama alirudia.

#12 Tarishi
Alikula nne, Michael Fay, 1994. Hakimu alisema sita, Rais Clinton akaomba asamehewe, Singapore ikapunguza viwili kwa heshima na nne zikatua vile vile. Hata ombi la rais mkubwa lilikuwa na bei yake kwa fimbo.

Utaratibu wao upo wazi kwa anayetaka kuujua. Fimbo ni henzerani, urefu kama mita 1.2, unene kama sentimita 1.3, hulowekwa isipasuke. Wanawake hawachapwi, wanaume waliovuka miaka 50 hawachapwi, kikomo ni 24 kwa mara moja, na daktari lazima aseme mwili unahimili. Anayechapa ni askari magereza aliyefunzwa kazi hiyo. Na mjue tu kwamba ile si fimbo ya shule. Inachana ngozi, na alama hubaki. Mleta uzi anaposema "sita arudi kibaruani wiki ijayo" nadhani anawaza fimbo ya mpera.

#13 Nanga Kavu
Tarishi asante kwa vipimo. Lakini umenisaidia: wana kikomo, wana daktari, wana mtu maalumu. Hakuna hasira mle. Ndicho ninachokitaka. Na matokeo mnayaona, mji ule unatembea usiku bila kuangalia nyuma.

#14 Siafu
Hong Kong ilifuta viboko vya mahakama 1990. Unatembea usiku vile vile. Japani hawana kabisa, unatembea usiku pia. Labda kinachowazuia wezi ni kujua kwamba watakamatwa. Mwizi wa kuku hapigi hesabu ya viboko wala ya miezi. Anapiga hesabu ya mbwa.

#15 Bawabu
Hesabu ya mbwa 😂😂 hii naiandika ukutani.

#16 Jongoo na Mti
Siafu, hao ni watu wengine na malezi mengine. Kwetu mtu mweusi bila fimbo haendi.

#17 Mama Wawili
Jongoo, sentensi hiyo uliyoandika ina mwenyewe. Wajerumani walipotawala Tanganyika waliisema kwa Kijerumani. Amri yao ya 1896 iliweka kikomo cha viboko 25 kwa mara moja, na wanawake, Waarabu na Wahindi hawakuguswa. Ile iliwahusu wanaume Waafrika. Ndipo wazee wetu walipopata msemo wa "hamsa ishirini". Na chombo chenyewe kilikatwa kwenye ngozi ya mnyama kiboko, jina la mnyama likahamia kwenye mjeledi, kisha likahamia kwenye adhabu. Leo tunasema "nchi hii inahitaji kiboko" kama vile tulizaliwa nacho.

#18 Kipepeo Mweusi
Hamsa ishirini si mara tano ishirini? Mia?

#19 Tarishi
Hapana mkuu, hamsa na ishirini, 25. Ungekuwa wewe ndiye mhesabuji siku hiyo mtu angekufa kwa kosa la hesabu.

#20 Jongoo na Mti
Mama Wawili, sikukubali. Fimbo ilikuwepo kabla ya Mjerumani. Biblia ina fimbo kabla ya Ujerumani kuwapo. Mithali 13:24, asiyetumia fimbo yake humchukia mwanawe.

#21 Shemasi
Kwa kuwa tumefika huko, soma na Kumbukumbu la Torati 25. Inaruhusu mwenye hatia achapwe mbele ya mwamuzi, ila si zaidi ya arobaini, na inatoa sababu: ikizidi, ndugu yako atadharaulika machoni pako. Hata aliyeruhusu aliogopa jambo fulani. Wayahudi wakapunguza moja wasije wakakosea kuhesabu, ndiyo zile arobaini kasoro moja alizokula Paulo mara tano. Na Paulo aliendelea kuhubiri, kwa hiyo kama ni kuzuia kosa, kwake hazikufanya kazi.

#22 Ibnu Bahari
Na upande wetu, Suratun-Nur ina mia kwa mzinifu, lakini aya ya nne wengi huiruka: anayemsingizia mwanamke mwema bila kuleta mashahidi wanne, yeye mwenyewe themanini. Na wanazuoni wa fiqhi waliandika kwamba anayechapa asinyanyue mkono hadi kwapa likaonekana, na asichape usoni. Wanaopenda kunukuu idadi wanausahau mkono.

#23 Dada wa Tatu
Nilisema nasoma tu lakini kwapa limenitoa mafichoni. Mwalimu wangu wa darasa la tano kwapa lake tulilijua kuliko sura yake.

#24 Bawabu
Sisi tulivaa kaptula mbili. Kuna mmoja akaweka daftari ndani, fimbo ya kwanza ikalia PAA kama mlango. Alirudishiwa hesabu kutoka moja.

#25 Kipepeo Mweusi
Daftari gani? La hesabu au la maarifa?

#26 Bawabu
La hesabu, lilikuwa halijaandikwa kitu, bado jipya.

#27 Chaki Nyeupe
Habari wote. Nimefundisha miaka 19, nusu yake Tanzania, nataka kusema kuhusu huo "utaratibu" ambao Nanga Kavu anautamani, kwa sababu shuleni tulikuwa nao. Kanuni za 2002 ziko wazi: fimbo zisizidi nne. Anayechapa ni mkuu wa shule, au mwalimu ambaye mkuu kamwidhinisha kwa maandishi. Msichana achapwe na mwalimu wa kike. Fimbo iwe nyepesi yenye kupinda, ipige mkononi au makalioni juu ya nguo. Jina la mtoto, kosa, idadi na jina la aliyechapa viandikwe daftarini.

Mimi ndiye nilikuwa natunza daftari. Muhula mmoja mzima liliingia majina matatu. Asubuhi moja tu, zamu ya getini, niliwahesabu wachelewaji arobaini na kitu kabla ya kengele ya pili, na kila mmoja alipita kwenye fimbo. Hakuna aliyeandikwa. Ukiandika, asubuhi nzima inaisha.

Kanuni inamfikiria mtoto mmoja amesimama mbele ya mtu mmoja aliyetulia. Kazini inakuja foleni. Wa kwanza unamchapa kwa kosa lake. Wa thelathini mkono unaenda wenyewe.

#28 Nanga Kavu
Mwalimu, ulichosema kinahusu shule, mimi nazungumzia mahakama. Lakini nakuuliza kwa heshima: na wewe ulichapa?

#29 Chaki Nyeupe
Nilichapa.

#30 Siafu
Ongeza kwenye kanuni za Chaki: 2019 mkuu wa mkoa wa Mbeya aliwachapa mwenyewe wanafunzi wa sekondari baada ya mabweni kuungua, picha zikasambaa, na Rais Magufuli akamsifu hadharani. Mkuu wa mkoa si mkuu wa shule. Kanuni ilikuwepo siku hiyo pia.

#31 Jongoo na Mti
Waliochoma mabweni mlitaka wapewe maua?

#32 Siafu
Nilitaka ithibitishwe kwanza nani kachoma. Maua ni yako wewe.

#33 Mama Wawili
Na kabla ya hapo, Agosti 2018 Kagera, mtoto wa shule ya msingi alituhumiwa kuiba pochi ya mwalimu, akapigwa, akafa. Mwaka uliofuata mahakama ikampa mwalimu aliyempiga adhabu ya kifo. Nendeni nayo taratibu hiyo: pochi, mtoto, mwalimu. Kanuni ya fimbo nne ilikuwa ukutani.

#34 Dada wa Tatu
😔

#35 Tarishi
Kenya walifika mahali wakasema basi, katiba ya 2010 ikafuta viboko mashuleni.

#36 Karani Mstaafu
Shuleni vilifutwa mapema zaidi, 2001, na mahakamani 2003. Katiba ya 2010, ibara ya 29, ndiyo iliyovifungia mlango. Afrika Kusini mahakama ya katiba ilikataa kuchapa vijana 1995, na 2019 ikamwondolea mzazi ule utetezi wa "nilikuwa nampa adhabu ya wastani". Sweden ilikataza hadi nyumbani tangu 1979, ya kwanza duniani.

#37 Wa Nairobi Hapa
Karani uko sawa kwenye miaka. Ila sheria ikifutwa fimbo haijui kusoma. Nilimaliza shule baada ya 2001 na miguu yangu ina ushahidi.

#38 Siafu
Mwenye kupenda takwimu: Elizabeth Gershoff, Marekani, 2002 alijumlisha tafiti 88 za watoto kuchapwa na wazazi. Jambo moja zuri lililojitokeza ni kwamba mtoto hutii papo hapo. Mengine, ugomvi, wasiwasi, uhusiano mbaya na mzazi, yaliegemea upande mbaya. Alirudia na mwenzake 2016, picha ikawa ile ile.

#39 Nanga Kavu
Nazijua. Na nawe unajua alivyojibiwa na mtafiti mwenzake Larzelere na wenzake: mtoto mtundu ndiye anayechapwa sana, sasa utundu umeleta fimbo au fimbo imeleta utundu? Ukienda hospitali utakuta wanaomeza dawa ndio wagonjwa. Utasema dawa inawatia watu ugonjwa?

#40 Siafu
Ndiyo maana zipo tafiti zinazowafuatilia watoto miaka na kupima utundu wa mwanzo. Lakini nakubali, huwezi kuwagawa watoto makundi mawili kwa kura, hili lichapwe hili lisichapwe. Hapo ubishi utabaki.

#41 Karani Mstaafu
Nirudi mahakamani, maana mleta uzi anatupa sifa ya utulivu: daktari, kikomo, hakuna hasira. Kuna kesi ya mwaka 1978 mbele ya Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya. Mvulana wa miaka 15 kisiwa cha Man, karibu na Uingereza, alimshambulia mwanafunzi mwenzake, akachapwa vitatu kwa amri ya mahakama. Utaratibu wote ulifuatwa, daktari alikuwepo. Majaji wakasema ni adhabu ya kudhalilisha, na sehemu ya sababu yao ilikuwa huo utaratibu wenyewe: dola imekaa, imepanga siku, imeita daktari, kisha ikamgeuza mtu kuwa kitu. Baba akichapa kwa hasira unaweza kusema alipitiwa. Dola haipitiwi.

Kwa hiyo lile unaloliona wewe fadhila, wao waliliona ndilo kosa. Sikuambii nani yuko sahihi, nilikaa miaka mingi karibu na mahakimu na bado sijui.

#42 Nanga Kavu
Hiyo imenigusa, nakiri. Lakini na jela je? Dola imekaa, imepanga miezi, imejenga ukuta, imemfungia mtu kama mbuzi. Huko si kumgeuza kitu? Kwa nini maumivu ya dakika mbili yawe udhalilishaji na miezi sita ya kunyimwa mkeo na watoto iwe ustaarabu? Labda kwa sababu maumivu ya jela hatuyaoni. Niulizeni mimi: leo nikipewa kuchagua, nachagua sita.

#43 Mama Wawili
Nani ashike fimbo?

#44 Nanga Kavu
Mtu nisiyemjua.

#45 Mama Wawili
Naye ana mke na watoto. Jioni akiulizwa kazi ilikuwaje leo?

#46 Bawabu
Mshahara wake kiasi gani? Naulizia mtu.

#47 Kipepeo Mweusi
Bawabu weka wasifu wako hapa, uzoefu wa miaka kumi upande wa kupokea.

#48 Jongoo na Mti
Mnacheka lakini mwizi mkimwachia mtaani, watu watamchoma moto. Viboko vya hakimu vingeokoa wengi. Watu wakiona haki imetendeka hadharani hawachukui sheria mkononi.

#49 Tarishi
Au watazoea kuona mtu akipigwa hadharani, na siku hakimu akichelewa waanze bila yeye. Inaweza kwenda kote kuwili.

#50 Wa Nairobi Hapa
Mwalimu Chaki amenyamaza. Tulimkera?

#51 Chaki Nyeupe
Hapana, nilikuwa nafikiria kama niseme. Zile asubuhi za getini kulikuwa na kijana wa darasa la saba, kila wiki alikuwa kwenye foleni angalau mara mbili. Nilimchapa kama wengine, mbili mbili. Baada ya miezi mwenzangu akaniambia yule kijana hachelewi kamwe, yeye ndiye huwa anafagia uwanja alfajiri. Mdogo wake wa darasa la pili ndiye mchelewaji. Kaka alikuwa anatoka ndani, anazunguka ukuta, anampitisha mdogo kwenye uwazi wa nyuma, kisha anakuja kusimama kwenye foleni ili idadi isipungue macho yangu yakaanza kutafuta.

Sikuwahi kumuuliza jina. Daftari lilitaka niulize.

#52 Dada wa Tatu
Jamani.

#53 Nanga Kavu
Mwalimu, ulipojua ulimwambia nini?

#54 Chaki Nyeupe
Sikumwambia kitu. Kesho yake nilianza kuandika majina, mmoja mmoja, kama kanuni inavyosema. Foleni ilifika hadi kipindi cha pili. Wiki hiyo hiyo mkuu alinitoa zamu ya getini.

#55 Bawabu
Akapewa nani?

#56 Chaki Nyeupe
Mwenzangu mmoja mwenye mkono mwepesi. Foleni yake ilikuwa inaisha kabla ya kengele.